Software ya kulinganisha design ilivyokaribia kuvunja harusi ya watu Salamabila

Salamu kwenu wakuu,

Wengi humu mnaandika kutoka Dar, Mwanza, Nairobi. Mimi nawaandikia kutoka Kasongo, Maniema, mashariki ya Congo. Kiswahili chetu kina Kifaransa kingi na mu-mu nyingi (mutu, mutoto), mtanivumilia.

Haya ninayoyaleta sikusimuliwa. Nilikuwepo, na sehemu kubwa yake ilipita kwenye kidole changu mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu hawa watu bado napishana nao sokoni.

Mwenye haraka arudi jioni. Uzi ni mrefu.

Nina kijiduka karibu na soko, tunaita secrétariat. Fotokopi, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mabango ya makanisa, T-shirt za timu. Design nilijifunza Bukavu. Umeme wangu ni wa jua, kwa hiyo mawingu yakitanda mimi na wateja tunakaa tunaongea siasa.

Zamani kazi ilikuwa rahisi. Mteja anakuja, unamchorea kitu kimoja, anakiangalia, anasema "jina likuwe kubwa kidogo", unalikuza, anaondoka. Akina mama wa kwaya walikuwa wakali zaidi, lakini nao walikuwa wanamaliza siku hiyo hiyo.

Halafu rafiki yangu wa Bukavu akaniwekea software mpya kwenye laptop.

(Msiniulize jina PM. Sitangazi biashara ya mtu, na mkishasoma hamtaitaka.)

Wakuu, ile kitu ni ya ajabu. Sitaiponda bure. Unachora ua moja, unabonyeza, linazaa maua mengine: refu, fupi, jekundu, lenye miba. Yote yanajipanga kwenye kioo kama mayai kwenye trei. Ukipenda mawili, unayavuta katikati, yanakaa pembeni-pembeni uyalinganishe. Ukishindwa kuchagua, kuna kijiti cha kusukuma, yanachanganyika kuwa moja. Na hakuna kinachopotea: kila ulichokataa kinabaki kwenye tawi lake, kinakusubiri ujute.

Kuna na jedwali. Unaandika vigezo vyako chini ya kila design, mfano rangi, kusomeka, urahisi wa kuchapa. Unatoa nyota. Yenyewe inajumlisha, na iliyoshinda inazungushiwa kijani.

Yaani mtu aliyeitengeneza alikaa akafikiri vizuri sana juu ya sisi wachoraji. Juu ya ukoo wa mteja hakufikiri hata kidogo.

Sasa wakaja Faida na Augustin.

Faida ni mwalimu wa jiografia Salamabila, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Familia yao ni ya wafanyabiashara waliotoka upande wa Kivu miaka mingi. Baba yake alishafariki, amelelewa na baba yake mdogo, Papa Radjabu. Augustin ni infirmier, yaani muuguzi, kituo cha afya cha Wamaza. Kwao ni wakulima, hapa hapa nje kidogo ya Kasongo, Wazimba wa tangu na tangu. Walikutana Augustin alipokwenda kuchanja watoto shuleni kwa Faida. Augustin anasema walimu wote walikimbia sindano isipokuwa Faida. Faida anasema hakukimbia kwa sababu sindano haikuwa yake.

Walikuwa wanapendana, ilionekana. Walikaa kwenye benchi langu wakisukumana mabega kama watoto.

Walitaka kikwembe cha harusi. Kwa wasiojua: huku harusi kubwa inakuwa na kikwembe chake, yaani kitenge cha pekee ambacho ndugu wa pande zote mbili wanashona sare. Tunachora huku, mchuuzi mmoja wa vitambaa anapeleka mchoro mpaka Kalemie, wenzake wanavusha ziwa mpaka kiwandani, na mzigo unarudi kwa njia ile ile. Mvua ikikolea, njia inakufa. Kwa hiyo tarehe ya mchuuzi kuondoka ndiyo ilikuwa mwisho wa maneno yote.

Faida alisema wanataka kitu kinachoonyesha pande mbili zimekuwa moja. Nikawachorea, software ikazaa. Wakafurahi mno. Augustin akasema ingefaa wazazi nao waone.

Nikajibu bila wasiwasi, "Walete. Options ziko nyingi."

Mama yake Augustin alikuja na mawifi zake na mama mmoja mzee ambaye hakusema ni nani lakini kila mtu alimsogezea kiti. Hao walitaka mpunga. Wao ni watu wa shamba, na mpunga wa Kasongo unajulikana. Nikachora masuke, nikabonyeza, yakazaa. Kila mmoja akapata suke lake. Yule mzee akachagua moja ambalo wenzake walisema limepigwa na ugonjwa, akasema ndiyo, ndivyo mpunga ulivyo mwaka huu.

Picha zikaenda kwenye WhatsApp ya ukoo wa Faida. Salamabila wakajibu kwa voice: mpunga unaliwa kila mahali, sisi ni watu wa dhahabu, dhahabu iko wapi?

Nikachora vipande vya dhahabu. Shangazi yake Faida, Mama Zaina, akatuma voice akasema zile ni ndizi zilizokatwa. Nikaziviringa. Akasema sasa ni maharage.

Basi nikatumia kile kijiti cha kuchanganya. Dhahabu nusu, mpunga nusu. Nilijiona fundi kweli kweli. Nikatuma kwa pande zote mbili.

Halafu mtu mmoja wa upande wa Augustin akaandika: "Hii ni shamba ya mpunga, mbuzi wamepita."

Wakuu, ukishaambiwa hivyo huwezi tena kuona kitu kingine.

Zikaanza kupewa majina. Kulikuwa na "ya mbuzi". Kulikuwa na "A", "A bis", yaani A ya pili, na "A bis ya shangazi". Mtu aliyeko Kindu, ambaye hata kwenye harusi hakuja, alipigania "C yenye bluu" kama ni urithi wa baba yake. Nikijaribu kufuta, wanaomba irudi. Na mimi, kwa sababu software haipotezi kitu, nairudisha. Kosa langu lilikuwa ni kuwa na jibu kwa kila ombi.

Ndipo Papa Radjabu akapiga simu.

Papa Radjabu ni mtu mzito. Anauza vifaa vya machimbo: majembe, mipira ya maji, pompi. Haongei haraka na hapendi kuongea mara mbili. Akasema hawezi kuchagua kitu kwenye kioo cha simu sawa na mutu anayetafuta sindano. Niende Salamabila na masini yangu, ukoo ukae, waone kitu kwa ukubwa wake. Na upande wa bwana-arusi watume mtu.

Nikaazima projekta ya parokia. Upande wa Augustin wakamtuma kaka yake mkubwa, Deo, fundi wa kuchomelea milango. Tukapanda pikipiki mbili. Njia ya Kabambare mnaisikia tu: madaraja ya magogo, tope ambalo dereva analisoma kama kitabu kabla ya kuingia. Projekta niliibeba kifuani kama mtoto mchanga. Kila tukiteleza nilikuwa naielekeza juu mimi nikianguka chini. Deo alinicheka njia nzima.

Tulipofika tulikuta sebule ya Papa Radjabu imeshajaa. Ilikuwa mchana wa jua kali, na projekta haipendi jua, kwa hiyo madirisha na mlango wakaviziba kwa mablanketi. Fikirini joto. Watu wazima wamevaa vizuri, wamekaa gizani saa nane ya mchana, wanatoa jasho, wanaangalia ukuta.

Faida mwenyewe hakuwa ndani. Alikuwa uani na wenzake wanapika wageni tule. Desturi ni kwamba haya ni maongezi ya wakubwa.

Nikaanza kuonyesha. Nikavuta mbili pembeni-pembeni. Papa Radjabu akasogeza kiti mbele.

"Rudisha ile. Weka na hii. Sasa ile ya mbele yake." Sauti yake ilibadilika kabisa, ikawa ya mtu aliyepewa zawadi. Nikamwonyesha jedwali la nyota. Akauliza kama lile jedwali linaweza kupima pompi. Nikasema linaweza kupima chochote, wewe ndiye unaandika vigezo.

Nilijivuna kusema vile. Ningejua.

Tukapima vikwembe. Halafu akataka tupime kumbi. Tukapima kumbi, na kumbi ziko mbili tu Salamabila, moja haina paa. Ya pili ikazungushiwa kijani, watu wakapiga makofi. Tukapima wapishi. Mama Zaina alipewa nyota tatu za pilau, akakasirika, tukaongeza. Deo naye alikuwa anacheka, ametoa koti, yuko kama nyumbani.

Papa Radjabu akaegemea nyuma. Akasema maneno haya, na aliyasema kwa utulivu, bila ubaya, kama mtu anayegundua jambo la akili:

"Mimi naona tulikosea tangu mwanzo. Kikwembe tumeletewa vingi tukachagua. Lakini bwana-arusi tuliletewa mumoja tu. Hakuna mutu mwenye akili anachagua kwa mumoja."

Watu wengine walicheka wakidhani ni utani. Yeye akatoa simu, akanitumia picha mbili. Moja ya mnunuzi wa dhahabu wa pale pale Salamabila. Nyingine ya kijana anayefanya kazi ofisi ya serikali Kindu, mtoto wa rafiki yake.

Akaniambia niweke pembeni-pembeni, na ya Augustin.

Mnisikilize vizuri hapa wakuu. Nilikuwa nyumbani kwake. Nilikuwa nakunywa soda yake. Deo alikuwa mita mbili kutoka kwangu. Nilisema, "Papa, hii ni ya design tu." Akajibu kwamba nimetoka kusema mwenyewe inapima chochote.

Nikaziweka. Watatu hao ukutani, kila mmoja mkubwa kama mlango, mnunuzi wa dhahabu amesimama kando ya gari, wa Kindu yuko kwenye kiti cha ofisi, na Augustin wetu amevaa koti jeupe la kituo cha afya, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua.

Vigezo akaandikisha yeye. Nyumba. Kazi. Chombo cha kusafiria. Umbali na kwa wazazi. Mama mmoja nyuma akasema na tabia. Akakubali, tukaiweka ya mwisho.

Kwenye chombo cha kusafiria Augustin alipata nyota moja, ya baiskeli. Kwenye nyumba walibishana kama nyumba ya serikali pale Wamaza ni nyumba. Kwenye tabia wote watatu walipewa nyota sawa, kwa kuwa hakuna aliyewajua wale wawili vizuri kiasi cha kuwapunguzia.

Software ikajumlisha. Kijani ikazunguka mnunuzi wa dhahabu.

Hapo ndipo nilisikia kiti cha Deo. Alisimama, akavaa koti lake taratibu, akafunga vifungo vyote kwenye joto lile. Akamsalimu Papa Radjabu kwa heshima, akamshukuru kwa mapokezi. Akasema atapeleka habari nyumbani kama alivyoiona. Akatoka, na tukasikia pikipiki ikiwaka.

Habari ilifika Kasongo kabla yake, kwa sababu mtu alikuwa amepiga picha ule ukuta na kuituma kwenye group ya harusi. Baba yake Augustin, Papa Kalonda, hana simu ya kioo. Walimwonyesha kwenye simu ya jirani. Aliangalia mtoto wake yuko wa tatu kwa watatu, akasema harusi isimame. Alisema mutoto wake hakupelekwa Salamabila kupimwa kama mbuzi wa mnada.

Kule sebuleni Salamabila watu bado walikuwa wanabishana, wengine wanasema Deo ana hasira za bure, wengine wanasema gari ni gari. Ndipo blanketi la mlangoni likafunuliwa, mwanga ukaingia, na Faida akaingia nao. Alikuwa amejifunga kitambaa cha jikoni, ana unga mikononi. Nadhani alikuwa amesikia yote, maana uani na sebule ni ukuta mmoja.

Hakulia. Aliangalia ule ukuta muda mrefu. Halafu akaniambia, "Yaya, fungua ukurasa mupya." (Yaya huku ni ndugu mkubwa, sio mlezi wa watoto.)

Nikamwangalia Papa Radjabu. Naye alikuwa ananiangalia mimi. Nikafungua.

Akasema niweke picha ya Papa Radjabu, picha ya Papa Shabani na picha ya Papa Musafiri. Hawa wengine ni ndugu wa baba yake pia. Mmoja analima mihogo Wamaza, mmoja anauza samaki Nyangwe. Wote picha zao zilikuwa kwenye group, na Papa Musafiri yuko na samaki kwenye yake.

Nikaziweka.

Faida akaongea na baba yake mdogo kwa sauti ile ile ambayo nadhani anafundishia darasani.

"Baba, na mimi niliambiwa wewe ndiye utasema kwa jina langu. Nililetewa mumoja tu. Lakini ukoo uko na wababa watatu. Tuwapime."

Akaandikisha vigezo. Aliyekuja siku baba alipozikwa. Aliyemsomesha. Anayemtembelea mama. Aliyemuuliza Faida anataka nini.

Akamwomba Mama Zaina atoe nyota, kwa kuwa ndiye dada yao wote watatu, hatapendelea. Mama Zaina alijifuta jasho kwa ncha ya kikwembe. Nilidhani atakataa. Hakukataa.

Kwenye mazishi, wote watatu wakapata tano. Kwenye kusomesha, Papa Radjabu alipata tano peke yake, na Faida mwenyewe aliitikia kwa kichwa, akasema hata kumi ingekuwa haki. Wale wengine walipata sifuri. Mnaona kwamba hakuja kumwonea. Kwenye kumtembelea mama, Papa Musafiri wa samaki akapanda sana, na Papa Radjabu ambaye anaishi mtaa huo huo akapata mbili.

Ikabaki ile ya mwisho.

Mama Zaina akaangalia ukuta, akaangalia chini. Akasema, "Hii sijui nimupe nani. Naona hakuna aliyemuuliza."

Faida akasema basi waache tupu. Akamgeukia Papa Radjabu akauliza kama nibonyeze kujumlisha.

Mimi kidole kilikuwa tayari, wakuu. Ukweli ni kwamba hata mimi sikujua kijani itazunguka nani. Na nilishaelewa kwamba yeyote atakayezungushiwa, ukoo hautakuwa tena ule ulioingia sebuleni mchana ule.

Papa Radjabu hakukasirika. Uso wake ulikuwa umechoka ghafla, kama mtu aliyebebeshwa. Alimwangalia mtoto aliyemlea, na unga wake mikononi.

Akasema, "Funga masini."

Nikafunga. Wakatoa mablanketi, jua likaingia, kila mtu akawa anaangalia viatu vyake. Chakula kililetwa. Kilikuwa kizuri sana na hakuna aliyekisifu.

Kesho yake asubuhi Papa Radjabu alipanda pikipiki kwenda Kasongo mwenyewe. Mtu wa umri ule, mtu ambaye watu humfuata dukani kwake. Mimi nilikuwa nyuma yake na projekta yangu. Njiani hatukuongea zaidi ya "shika vizuri".

Tulimkuta Papa Kalonda anatandaza mpunga kwenye turubai uani. Hakusimama haraka. Alimaliza kutandaza, akanawa mikono, akatuletea viti. Papa Radjabu akaomba radhi. Hakuzunguka sana. Alisema amefanya jambo la aibu mbele ya watu, na amekuja kulisema mbele ya mwenye mtoto. Alikuwa amebeba vitu vya heshima, sukari na kitambaa cha mama, akaviweka chini.

Papa Kalonda akaongea kidogo na mke wake kwa Kizimba, lugha yao, kisha akaturudia kwa Kiswahili.

"Nasikia kule mulikuwa na watatu. Sisi hatukuwa na orodha. Augustin alituleta Faida, tulimuona siku moja tu, na tangu siku ile hatukuuliza kama kuna mwingine."

Papa Radjabu akainamisha kichwa. Naapa niliona macho yake yamelowa, ingawa vumbi la njia lilikuwepo pia.

Wakala pamoja. Deo alikuja akakaa mbali kwanza, baadaye akasogea. Mpaka tunaondoka wazee wawili walikuwa wanaongea juu ya pompi, kama pompi ya machimbo inaweza kuvuta maji shambani.

Harusi ikarudi. Lakini kikwembe bado, na mchuuzi wa Kalemie alikuwa anafunga mizigo.

Faida na Augustin wakaja dukani. Mimi kwa bidii nikafungua laptop, trei yangu ya mayai ikajaa kioo chote. Nikaanza kueleza, hii ndiyo A bis, hii ni ya mbuzi lakini nimepunguza mbuzi.

Faida akashusha kifuniko cha laptop kwa kiganja, polepole, bila kunidharau.

"Yaya, wewe ndiye fundi. Wewe ungevaa gani?"

Wakuu, nilibaki kuangalia kile kifuniko.

Kazi ile nilikuwa nayo wiki nyingi. Nilikuwa nimezaa vikwembe ambavyo hata Papa Radjabu hangeweza kuvihesabu. Na hakuna siku hata moja niliyojiuliza mimi mwenyewe napenda kipi. Software ilikuwa inaniuliza kila dakika "nizae nyingine?", na mimi nilikuwa najibu ndiyo, kwa sababu kusema ndiyo ni rahisi kuliko kusema hii.

Nilikaa pale kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Augustin akakohoa. Mwishowe nikachukua kalamu na karatasi, nikachora kitu ambacho hakikuwa kwenye trei. Rangi ya udongo wa njia yetu, ile nyekundu iliyokolea. Mistari miwili myembamba inakwenda pamoja, mmoja wa njano na mmoja wa kijani, inapinda pamoja, haikatani. Basi.

Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu akina mama watakaa wengi benchi moja, na mchoro wenye vitu vingi ukikaa karibu na wenzake unaumiza macho. Na kwa sababu hii nyekundu haionyeshi uchafu, mtu ataivaa hata shambani harusi ikishapita.

Akamwangalia Augustin. Augustin akasema yeye haelewi rangi lakini shambani anaelewa.

"Basi, ni hii," Faida akasema. Nikaipeleka kwa mchuuzi siku ile ile kabla mtu yeyote wa ukoo hajaiona.

Je, waliipenda? Hapana. Mama Zaina alisema inafanana na kamba ya nailoni. Yule ndugu wa Kindu aliuliza kwenye simu kwa nini sio bluu. Yule mama mzee aliuliza mpunga wake uko wapi. Siku ya harusi waliokuja wote walivaa, wakacheza, wakatoa jasho, wakaendelea kulalamika huku wanacheza. Papa Radjabu alisimama kusema kwa jina la ukoo. Kabla hajasema neno, alimwinamia Faida, akamuuliza kitu sikioni. Faida akaitikia. Ndipo akaanza.

Juzi nilikuwa napita nje ya mji kwa baiskeli, nikakuta mama mmoja yuko shambani kwake anapalilia, mgongoni amebeba mtoto kwa kile kikwembe. Kimepauka kidogo. Nilisimama nikamsalimu. Hakujua mimi ni nani, akaniuliza kama nimepotea njia.

Nikamwambia hapana, naangalia tu.

Sasa nilichojifunza. Sijaitupa ile software, ninaitumia kila siku. Kuona njia nyingi kabla ya kuchagua ni jambo zuri, na anayeniambia fundi wa kweli anachora mara moja tu nitambishia. Lakini siku hizi nazaa nikiwa peke yangu, nalinganisha peke yangu, nabishana na nafsi yangu mpaka nimechoka. Mteja akija namwekea moja mezani, ya pili iko chini ya meza kwa dharura, na nipo tayari kumweleza kwa nini. Akiikataa, nimekataliwa mimi, sio mashine. Inauma zaidi. Kazi imekuwa bora zaidi.

Na vitu vya kupimwa kwa nyota viko vingi duniani: pompi, kumbi, hata pilau tukikubaliana. Watu waacheni.

Nawaachia ukumbi. Wachoraji, mafundi, na nyie mliowahi kukaa kwenye kamati ya harusi: mnaonyesha ngapi, na ukoo ukishaingia mnawatoaje? Mama Zaina yuko humu anasoma, kwa hiyo mkitaja pilau mtaje kwa uangalifu.